Somo la Kukata Kona

Jumapili ya tarehe 11 Januari 1931, abiria 197 walipanda treni mjini Boston, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wakaelekea Warner, mji mdogo katika jimbo la New Hampshire. Hakuna aliyekuwa akihama wala akifuata biashara. Walikwenda kuteleza kwenye theluji, na siku hiyohiyo treni ikawarudisha makwao. Kampuni ya reli ya Boston & Maine ilikuwa imekubali rai ya vilabu vya wapanda milima: wapelekeni watu kwenye theluji asubuhi, warudisheni jioni, Jumatatu waamkie kazini. Safari zikarudiwa, zikapewa jina la treni za theluji, na baada ya majira machache zilikuwa zikibeba maelfu ya watu kila msimu wa baridi.

Leo wikendi ya namna hiyo haimshangazi mtu yeyote anayeishi karibu na milima ya baridi. Marafiki wanachangishana pesa za mafuta na chumba, wanaamkia mlimani Jumamosi, na Jumapili jioni wanarudi mapaja yakiwauma, wakibishana nani ameimarika na nani bado anaogopa mteremko ule wa nyuma ya kituo. Ubishi huo ndio unaobeba historia yote ya mchezo huu. Theluji ilikuwepo siku zote na milima ilikuwepo. Kilichokosekana kwa karne nyingi ni elimu ya kushuka: kupunguza kasi, kukata kona, kusimama pale mtu anapotaka kusimama. Elimu hiyo ina walioibuni, ina vijiji ilikotoka, na ina siku ambapo mwalimu wake mkuu alitolewa nyumbani kwake akatiwa ndani.

Skii zenyewe ni za kale mno. Ile iliyofukuliwa kwenye kinamasi cha Kalvträsk, kaskazini mwa Sweden, ina miaka zaidi ya 5,000. Lakini mababu wale walivaa skii ili wavuke nchi, wawinde, wafike kwa jirani. Walifunga ncha ya kiatu tu kwa gidamu ya ngozi, kisigino kikabaki huru. Kwenye tambarare mambo yalikwenda sawa. Kwenye mteremko mkali, kiatu kilicheza huku na huko juu ya ubao, na njia ya kuzuia mbio ilikuwa fimbo moja ndefu ambayo mtu aliiegemea, au hata kuikalia, ikikwaruza theluji nyuma yake.

Mtu aliyebadilisha hali hiyo alikuwa maskini. Sondre Norheim alizaliwa mwaka 1825 Morgedal, kijiji cha mkoa wa Telemark nchini Norway, na maisha yake aliishi kama mkulima mpangaji kwenye ardhi ya wengine. Alikuwa fundi wa mikono. Alisokota matawi membamba ya miti, akayazungusha nyuma ya kisigino cha buti, na ghafla mguu ukawa na mamlaka juu ya skii: ukigeuza mguu, skii inageuka. Tena alichonga skii fupi zaidi, zenye kiuno chembamba katikati na upana mbele na nyuma, ambazo zilifuata mkunjo wa kona badala ya kupigania kwenda moja kwa moja.

Mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 42, Norheim na wenzake wa Telemark waliteleza umbali wa kilomita 200 hivi hadi mji mkuu, ambao wakati huo uliitwa Christiania na sasa ni Oslo. Walikwenda kushindana. Watu wa mjini walikuwa bado wanategemea fimbo, na yule mkulima wa milimani akashuka bila kuishika, akaruka, akatua, akakata kona na kusimama. Alishinda. Kona mbili zilizoenea kutokana na ustadi wa watu wale zilikuja kubeba majina ya mahali: ya Telemark, ambapo mguu mmoja hutangulia na goti la nyuma hukunjwa, na ya Christiania, ambapo skii hukaa sambamba na kuburuzwa kwa pamoja.

Sifa hazikumlisha. Mwaka 1884 alihamia Marekani na familia yake, kama Wanorwe wengi wa kizazi chake, akafia North Dakota mwaka 1897, kwenye nchi ya nyasi iliyo tambarare. Nchi yake ilimkumbuka baadaye: mwenge wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Oslo mwaka 1952 uliwashwa Morgedal, kwenye meko ya nyumba aliyozaliwa.

Ulaya ya kati ilizijua skii kupitia kitabu. Fridtjof Nansen alivuka barafu ya Greenland kwa skii mwaka 1888, na masimulizi yake yalipotafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1891, vijana wa Austria, Uswisi na Ujerumani wakapatwa na hamu kubwa. Wakaagiza skii kutoka Norway, wakapanda nazo Alps, wakagundua jambo ambalo kitabu hakikulisema kwa uzito wake: milima ya Alps si vilima vya Telemark. Miteremko ni mikali mno, na chini kuna msitu au mwamba.

Mathias Zdarsky alikuwa miongoni mwa wasomaji hao. Aliishi peke yake kwenye shamba karibu na Lilienfeld, Austria, akifanya majaribio majira baada ya majira. Alifupisha skii, akatengeneza kifungo cha chuma kilichokishika kiatu barabara, na mwaka 1896 akachapisha kitabu kilichoeleza ufundi wa kushuka hatua kwa hatua. Msingi wake ni ule ambao kila anayeanza leo anafundishwa asubuhi ya kwanza: visigino vinasukumwa nje, ncha za skii zinakaribiana mbele, na miguu inaunda umbo la kabari. Kabari hiyo hukwangua theluji na kuzuia mbio. Ukiongeza uzito kwenye mguu mmoja, unageukia upande wa pili. Tarehe 19 Machi 1905 Zdarsky aliandaa shindano kwenye mlima Muckenkogel, juu ya Lilienfeld, ambapo washiriki 24 walipaswa kupita kwenye mageti 85 yaliyopangwa mteremkoni. Kasi peke yake haikutosha. Mtu alipimwa kama anaweza kugeuka pale alipoamriwa.

Zdarsky alikuwa mkali na mgomvi, na ugomvi wake na wafuasi wa mtindo wa Norway ulijaza kurasa za majarida ya michezo kwa miaka. Wao walimcheka kwa kushikilia fimbo moja. Yeye aliwaona kuwa watu wanaofaa vilima tu. Mtu anayesoma mabishano hayo leo anaona pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na kwamba alihitajika mtu wa tatu wa kuunganisha. Zdarsky mwenyewe alilipa gharama kubwa kwa mapenzi yake ya milima. Mwaka 1916, wakati wa vita, poromoko la theluji lilimfunika na kumvunja mifupa mahali pengi mno. Alinusurika, akajifunza kutembea upya, akarudi kuteleza.

Katika miaka hiyohiyo skii zilifika hata Kilimanjaro. Mwaka 1912, nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda kilele cha Kibo wakashuka sehemu ya barafu yake kwa skii. Barafu ya Kibo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko mabaki yanayoonekana leo. Tukio hilo halikuzaa mchezo wowote Afrika Mashariki, lakini linaonyesha jinsi vijana wa Alps walivyokuwa na imani mpya: kwamba mteremko wowote wenye theluji unashukika.

Mtu wa tatu aliyesubiriwa alitoka Stuben, kijiji kidogo upande wa magharibi wa njia ya Arlberg, Austria. Hannes Schneider alizaliwa hapo mwaka 1890. Reli ilikuwa imeshapasua mlima kwa handaki la zaidi ya kilomita 10 lililofunguliwa mwaka 1884, na kijiji cha St. Anton, upande wa pili, kilikuwa na stesheni. Hilo ni jambo la kukumbukwa: bila handaki, ufundi wa Schneider ungebaki siri ya watoto wa bonde moja. Mwaka 1901 wapenzi wa theluji walianzisha klabu ya skii ya Arlberg huko St. Christoph, na mwaka 1907 mwenye Hotel Post ya St. Anton, Carl Schuler, akamwajiri Schneider, kijana wa miaka 17, awafundishe wageni.

Alichokiona kazini kilimsumbua. Kona ya Telemark ilikuwa nzuri kwenye theluji laini, lakini kwenye theluji ngumu iliyokanyagwa mtu aliyumba. Kabari ya Zdarsky ilikuwa salama, lakini ya polepole. Schneider akachukua kabari kama mwanzo wa kona na Christiania kama mwisho wake: unafungua skii kidogo, unahamishia uzito kwenye mguu wa nje, kisha unaziunganisha skii na kumalizia kona zikiwa pamoja. Na mwili aliushusha chini. Alichuchumaa, magoti yamekunjwa, kifua mbele, fimbo mbili mikononi badala ya moja. Kwa mkao huo alishuka kwa kasi ambayo wageni wa hoteli hawakuwahi kuiona, na bado alisimama alipotaka.

Kuchuchumaa huko kulikuwa na sababu ambayo kila anayejifunza anaifahamu kwa mwili wake. Bonde linatisha. Mtu anayeanza, akiona mteremko umefunguka mbele yake, huegemea nyuma, kuelekea mlimani, kwa kuwa mlima unaonekana ndio wenye usalama. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Uzito ukirudi kwenye visigino, sehemu ya mbele ya skii inakuwa nyepesi, haing'ati theluji, na mbao zinakimbia zikimwacha mwenyewe nyuma. Kinga iko kule kunakotisha: kupeleka mikono na kifua mbele, kuukubali mteremko, kukanyaga kwa nguvu skii ya nje ya kona mpaka ukingo wake ushike. Akili inaweza kuelewa jambo hilo kwa dakika moja. Miguu inalihitaji kwa mamia ya kona. Ndiyo maana mchezo huu ulihitaji mwalimu, na mwalimu alihitaji mpango.

Vita vya kwanza vya dunia vilimpa Schneider uwanja wa kujaribu mpango huo. Alipewa kazi ya kufundisha wanajeshi wa milimani wa Austria, vijana wengi kwa wakati mmoja, wenye uwezo tofauti, na muda mfupi. Alirudi St. Anton vita vilipokwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaipa shule yake ya skii muundo uliotokana na somo hilo. Walimu wote walifundisha mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Wanafunzi waligawanywa madarasa kulingana na uwezo, na hakuna aliyepanda darasa kabla hajaweza alichopaswa kukiweza: kwanza kutembea na kuanguka vizuri, kisha kabari, kisha kona ya kabari, kisha kona iliyoanza kwa kabari na kumalizika sambamba. Mgeni tajiri kutoka Vienna alianzia palepale alipoanzia karani wake.

Kwa jicho la leo jambo hilo linaonekana la kawaida, lakini wakati huo halikuwepo. Kabla yake, anayejua alimwonyesha asiyejua, kila mmoja kwa namna yake, na asiye na kipaji aliachwa chini ya mlima akiwasubiri wenzake. Schneider aliamini kwamba ufundi unaweza kugawanywa vipande vidogo kiasi kwamba hata mwoga avipande kimoja baada ya kingine. Ni imani ya mwalimu wa kweli, na ndiyo iliyoifanya wikendi ya skii iwezekane kwa kundi la marafiki wasiolingana. Asubuhi hutawanyika, kila mtu na darasa lake, na jioni hukutana mezani kila mmoja akiwa na la kusimulia. Mkao wa kuchuchumaa umekwisha kufa. Ule mpangilio wa masomo unaishi katika karibu kila shule ya skii duniani.

Filamu ndizo zilizolieneza jina lake. Mtengenezaji filamu Arnold Fanck, mpenda milima, alimpiga picha Schneider kwa mara ya kwanza mwaka 1920, na mwaka 1931 wakatoa Der weisse Rausch, iliyopigwa kwenye miteremko ya St. Anton. Ndani yake kuna maseremala wawili kutoka Hamburg wanaojaribu kujifunza skii kwa kusoma vitabu, wakianguka kila mahali, na Leni Riefenstahl anaigiza msichana anayejifunza hadi anaimudu. Watazamaji wa mijini waliona kitu kilichowagusa moja kwa moja: kuanguka ni sehemu ya masomo, na mwisho wa masomo unafikika. Mwaka 1930 Schneider alialikwa Japani, akafundisha huko. Walimu wake nao walitapakaa. Otto Lang alivuka bahari akafungua shule kwenye milima ya jimbo la Washington. Benno Rybizka akaenda New Hampshire, kulekule zilikokwenda treni za theluji.

Waingereza, wasio na milima ya theluji ya maana, walichangia kitu kingine: sheria. Arnold Lunn, aliyezaliwa Madras, India, mwaka 1888, alikulia kwenye biashara ya baba yake ya kupeleka watalii Uswisi. Mashindano ya wakati huo yalitoa alama kwa mtindo, na majaji walimtazama mtu kama anapendeza. Lunn aliona hilo halina maana. Kona, alidai, ipo ili mtu avuke kizuizi haraka. Basi wekeni vizuizi, shikeni saa. Tarehe 21 Januari 1922 aliweka bendera mbilimbili kwenye mteremko wa Mürren, kijiji cha juu ya bonde la Lauterbrunnen, na slalomu ya kisasa ikazaliwa. Mwaka 1928 yeye na Schneider walianzisha pamoja mashindano ya Arlberg-Kandahar huko St. Anton. Shirikisho la kimataifa la skii lilikuwa bado mikononi mwa mataifa ya kaskazini, ambayo yalithamini masafa na kuruka. Lilikubali mchezo wa kushuka mwaka 1930. Mwaka uliofuata Mürren ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia, na mwaka 1936 mchezo ukaingia Olimpiki, Garmisch-Partenkirchen.

Kisha ukaja mwezi Machi 1938. Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na kabla wiki haijaisha Schneider alikuwa kizuizini. Hakuwahi kuficha alivyowachukia Wanazi. Alikuwa amewaondoa shuleni kwake walimu walioshabikia chama hicho, na alikuwa rafiki wa Wayahudi. Mmoja wa marafiki hao alikuwa Rudolf Gomperz, mhandisi mwenye asili ya Kiyahudi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa nguzo ya utalii wa St. Anton. Lunn aliposikia Schneider amekamatwa, alikataa mashindano yao yafanyike, na mwaka huo hayakufanyika. Gomperz alihamishwa kwa nguvu kwenda Vienna, na mwezi Mei 1942 akapelekwa Maly Trostinets, karibu na Minsk, akauawa. Kijiji kilichojengwa kwa kukaribisha wageni kilishindwa kumlinda mtu aliyewaalika wageni hao. Historia ya St. Anton haiwezi kusimuliwa kwa haki bila jina lake.

Schneider aliokolewa na mlolongo wa mambo ambao mwandishi wa riwaya angeuogopa. Katika New Hampshire, mji wa North Conway ulikuwa na mzawa mmoja aliyefanikiwa sana: Harvey Gibson, mkuu wa benki ya Manufacturers Trust ya New York. Gibson alitaka kuufufua mji wake kwa utalii wa theluji. Alikuwa amenunua mlima mdogo na kuusafisha miti, akaupa jina la Cranmore. Juu yake fundi wa hapohapo, George Morton, alijenga Skimobile, vigari vidogo vya rangi vilivyovutwa na kebo juu ya reli ya mbao. Gibson alikuwa pia mtu mzito katika mazungumzo ya madeni ambayo Ujerumani ilidaiwa na benki za Marekani. Akautumia uzito huo kumtoa Schneider.

Tarehe 11 Februari 1939 treni iliingia stesheni ya North Conway ikiwa na Hannes Schneider, mkewe Ludwina na watoto wao, Herbert na Herta. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga safu mbili, wameinua fimbo za skii zikakutana juu na kufanya njia ya matao, na familia ikapita chini yake. Alikuwa na umri wa miaka 48, na alianza kazi bila kuchelewa.

Mlima aliopewa ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na Arlberg, na wanafunzi wake hawakuwa wageni wa mwezi mzima. Walikuwa watu wa wikendi. Wamarekani walikuwa ndiyo kwanza wanazoea mapumziko ya siku mbili. Henry Ford alikuwa ametangaza wiki ya siku tano kwa viwanda vyake mwaka 1926, na sheria ya kazi ya mwaka 1938 ilikuwa inaelekeza nchi kwenye wiki ya saa 40. Mtu aliyetoka Boston Jumamosi alitaka Jumapili jioni aweze kitu ambacho hakukiweza Ijumaa. Hapa ndipo mashine zilipokuja kusaidia ufundi. Zamani mtelezaji alipanda mlima kwa miguu nusu siku ili ashuke kwa dakika chache, na kona alizopata kuzifanyia mazoezi zilikuwa za kuhesabika. Mwezi Januari 1934, karibu na Woodstock, Vermont, injini ya gari la Ford ilifungwa kwenye malisho ya mkulima mmoja ikazungusha kamba ndefu; ukiishika kamba, inakuvuta hadi juu. Mwaka 1936 huko Sun Valley, Idaho, mhandisi wa reli ya Union Pacific aitwaye James Curran alikumbuka kebo zenye kulabu zilizotumika kupakia mikungu ya ndizi melini, akaondoa kulabu na kuweka viti. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida angeweza kurudia mteremko uleule mara nyingi kwa siku moja, na kurudia ndiko kunakofundisha miguu.

Vita vya pili viliisambaza elimu ya Arlberg kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Jeshi la Marekani liliunda divisheni ya 10 ya milimani, ikafanya mazoezi Camp Hale, Colorado, na wengi wa walimu wake wa skii walikuwa wamepitia mikononi mwa Schneider au mwa wanafunzi wake. Herbert, mwanawe, alipigana Italia ndani ya divisheni hiyo. Vivyo hivyo Friedl Pfeifer, mzaliwa wa St. Anton aliyekuwa mwalimu kwenye shule ya Schneider. Alijeruhiwa vibaya, akapona, akarudi Colorado kuufanya mji wa machimbo uliochakaa wa Aspen kuwa kituo cha skii. Pete Seibert, askari mwingine wa divisheni hiyohiyo, ni mmoja wa walioanzisha Vail mwaka 1962.

Mabishano ya ufundi hayakukoma. Mfaransa Émile Allais, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1937, alifundisha kwamba kabari iachwe mapema na skii zikae sambamba tangu mwanzo wa kona, mwili ukiwa umesimama zaidi. Miaka ya 1950 Austria ikajibu kupitia Stefan Kruckenhauser, aliyefundisha St. Christoph kona fupifupi zilizofuatana haraka, nyonga zikienda huku mabega yakielekea bondeni. Wapenzi wa skii wa enzi hiyo waligawanyika kama mashabiki wa timu za mpira. Kwa mtu wa wikendi, hata hivyo, vifaa vilifanya mengi kuliko mabishano. Rudolf Lettner wa Salzburg alikuwa ameshabuni kingo za chuma, alizozipatia hataza mwaka 1926, nazo ziliipa skii meno kwenye barafu. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyeishi Oregon, alivunjika mguu, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akatengeneza kifungo kinachoachia kiatu mtu anapoanguka. Mifupa mingi imesalimika kwa sababu yake. Mwaka 1950 mhandisi wa ndege Howard Head alileta skii ya aluminiamu iliyogeuka kwa urahisi.

Halafu, mwaka 1993, wahandisi wa kiwanda cha Elan nchini Slovenia walitoa skii fupi yenye kiuno kilichobanwa sana kuliko zote zilizotangulia. Ukiilaza kwa ukingo, inajikunja na yenyewe kuchora tao kwenye theluji. Walimu waliona wanafunzi wakifika kwenye kona sambamba kwa siku chache badala ya misimu kadhaa. Wazo la kubana kiuno lilikuwa lile la Norheim, likipelekwa mbali kuliko mbao za Morgedal zilivyoweza kuruhusu.

Elimu hiyo imemfikia hata mtoto wa pwani ya Kenya. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria akiwa mdogo, akajifunza skii huko kama watoto wa milimani wanavyojifunza. Mwaka 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini, alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika skii za kushuka kwenye Olimpiki. Miaka 20 kabla yake Philip Boit alikuwa ameiwakilisha Kenya Nagano katika skii za masafa marefu, mchezo ambao nguvu za mkimbiaji zinasaidia. Simader alichagua ule unaodai ufundi wa kona tangu utotoni, na aliufikia kupitia ngazi zilezile za masomo.

Hannes Schneider alifariki North Conway mwaka 1955, na Herbert akaendelea na shule. Skimobile imekwisha kubomolewa, lakini Cranmore bado inafanya kazi, na kila mwezi Machi huandaa mashindano yenye jina la Schneider, ambayo mapato yake huenda kwa makumbusho ya skii ya New England. Wanaoshiriki ni timu za marafiki, vijana na wazee, na si lazima mtu awe bingwa. Baadhi yao huja wamevaa suruali za sufu za miaka ya 1930 na skii ndefu za mbao, wakapanga foleni juu ya mteremko pamoja na waliovaa vifaa vya mwaka huu, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupita mageti.